Sanduku Litakalopumua Beni

Masika mwanangu,

Mambo ya chandarua, dawa za malaria, na ni mjomba gani wa kupigiwa simu kwanza, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho mkifunga mizigo. Mimi sirudii. Kusali unajua, kupika unanishinda, na kuhusu vijana wa Beni sina neno ambalo hujalijibu tayari kwa kunikunjia uso. Sasa hivi uko Alimbongo kumuaga bibi, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani na jambo moja tu la kukuandikia: sanduku la kompyuta yako.

Usicheke. Nimeandika kuhusu barabara, kuhusu shule, kuhusu wafanyabiashara wanaodhani mji mzima ni depo yao. Nimegombana na watu wenye magari makubwa kuliko nyumba yetu, redioni na nje ya kanisa baada ya misa. Sijawahi kuandika na moyo ukinidunda namna hii kuhusu kitu kinachofungwa kwa skrubu. Lakini wiki hii nimejifunza jambo, na unanijua: mimi nikijifunza jambo lazima mtaa mzima ujue.

Nianze dukani kwa Kakule, maana ndipo nilipokosea.

Siku ile tuliingia pale vipande vyako vyote vikiwa vimekamilika: carte mère, ile bodi kuu, prosesa, na ile kadi ya picha ndefu kama mkate, uliyoihangaikia kwa kutengeneza simu za nusu ya mtaa wa Vulamba. Kilichobaki kilikuwa sanduku la kuvitia, lile ambalo wauzaji wanaliita boîtier. Kakule alikuwa na mawili juu ya meza, yote mawili yamechomekwa umeme ili wateja waone feni zikizunguka. Moja lilikuwa jembamba, na uso wake wote ulikuwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. La pili lilikuwa pana, jeusi, uso wake kioo kizima, na ndani taa zinazobadilika rangi kama parokia siku ya sikukuu.

Mimi nililigonga. Niliinama nikaligonga ubavuni kwa kiungo cha kidole, nikatega sikio, kama mtu wa Butembo anavyogonga mlango wa chuma wa depo kabla ya kuununua. Hapa kwetu tunanunua kila kitu kwa kugonga. Kitu kizuri ni kile ambacho mwizi hawezi kukipasua, vumbi halipati pa kuingilia, na jirani haoni kilichomo. Sanduku la kioo likaniitikia kwa sauti nzito, nami nikafurahi kama mtu aliyepata coffre-fort ya benki.

“Prof, umechagula kama mutu mukubwa,” Kakule akaniambia. “Ile ya matundu ni ya batoto. Na vumbi yetu hii? Juma moya tu, utakuta mule ndani munaota viazi.”

“Unasikia, Masika?” nikasema. “Viazi.”

Wewe ulikuwa umesimama mbele ya lile la wavu. Ulikiweka kiganja chako usoni mwake, ukakiacha pale kidogo. Kisha ukaja kwenye la kioo, ukaweka kiganja vilevile. Ukakiondoa upesi.

“Ni muzuri, Papa,” ukasema.

Na mimi, ninayeweza kuchukua hotuba ya mkubwa nikakuonyesha neno aliloliogopa kulitamka, sikuweza kusoma kiganja cha binti yangu. Nilibeba sanduku langu begani hadi nyumbani. Ilikuwa zawadi yangu kwako ya kuondokea, na nilitaka watu wanione.

Jioni, mezani, ulijaribu mara moja.

“Papa, hewa itaingilia wapi?”

Swali dogo, la adabu. Nikalipokea kama ninavyompokea mpinzani redioni. Nikaweka kijiko chini.

“Masika, mama yako akitaka moto wa mbabula, jiko lake la mkaa, upungue, anafanya nini? Anaziba kile kimlango cha chini. Hewa ikikosekana, moto unalala. Basi anayetaka kompyuta isipate moto, aifunge.”

Nilipendezwa sana na hoja hiyo. Nilikuwa nimeipata papo hapo, ikiwa bado na mvuke, na nikaangalia mezani kuona nani atathubutu.

“Mbabula iko na makala,” ukasema taratibu. “Ordinateur haina makala, Papa. Courant ya umeme haiombake hewa juu ya kuwaka. Inawaka tu. Hewa njo inatoaka moto inje.”

Mama yako akacheka ndani ya glasi yake ya maji. Hoja yangu ilikuwa imekufa pale pale, karibu na sahani ya sombe, na kila mtu mezani aliona maiti. Nami nilifanya nini? Nilipandisha sauti. Nikaleta vumbi la barabara ya Rughenda, nikaleta panya, nikaleta wezi, nikamalizia na historia ya mji wetu uliojengwa na watu waliojua kufunga milango yao. Ulinisikiliza hadi mwisho. Nikaenda kulala nikiamini nimeshinda.

Siku chache baadaye ukaviunga vipande vyako ndani ya sanduku la kioo. Mvua ilikuwa inanyesha, ile baridi yetu ya Butembo inayotuvalisha makoti mchana. Mashine ikawaka, taa zikacheza, mchezo mnaoutengeneza wewe na rafiki yako Furaha ukaenda vizuri kutwa nzima. Mama yako akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kama anavyofunika redio, televisheni na kila kitu anachokipenda. Mimi nikapita nikigusa kioo, nikisema, “Unaona?” Nilisema hivyo mara nyingi kiasi cha kuudhi.

Kisha ikaja Jumanne hii. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba kuelekea jikoni, nikasikia sauti zenu ninyi wawili.

“Huku kwetu ni baridi, inatulia,” ulikuwa ukimwambia mama yako. “Lakini Beni, chini ya mabati ya kwabo Furaha, itaiva.”

“Umuambie baba yako.”

“Mama, na weye? Ulishaka kumuambia Papa kitu akakubali?”

“Mara moya,” akajibu mama yako. “Nilimuambia anioe.”

Mkacheka hadi kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Nilibaki nimesimama kwenye matope. Kuchekwa nimezoea, nusu ya mji huu hunicheka na nusu nyingine hunijibu kwa maandishi. Kilichonigandisha ni lile neno Beni. Mimi nilikuwa nimeipima mashine yako kwa hewa ya hapa mlimani, ambako hata maziwa yanakaa bila kuharibika. Wewe huendi kuishi hapa. Unashuka kule chini ambako saa sita mchana mtu anatafuta kivuli cha nguzo. Unakwenda kukaa na Furaha katika chumba chenye mabati matupu juu, kutengeneza ule mchezo wenu wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na ninyi wawili hamna mashine nyingine yenye nguvu ya kuchora picha zile. Vijana wanaowangoja pale hawana kitu kingine cha kuona. Mashine hii ikiungua, mchezo umekufa, na wewe unarudi nyumbani na sanduku zuri la kioo lenye majivu ndani.

Na nijibu hapa, mara moja, wale wa ukoo walioniuliza kwa nini ninakuacha ushuke Beni miaka hii ya mashambulizi. Nimekwisha kuwajibu ana kwa ana, si kwa upole. Beni kuna watu. Wanalima, wanafunga ndoa, wanapeleka watoto shule, na watoto wa mji uliochoshwa na hofu wanahitaji kucheza kuliko watoto wa mji mwingine wowote. Msichana wa Butembo anayetaka kuwapelekea chukudu ya kwenye skrini, yenye mizigo, matope, mteremko, na yule askari wa kizuizi mnayemchora na tumbo kubwa, mimi simzuii. Ningekuwa na umri wako ningekwenda kushika kalamu za rangi. Mnanifurahisha ninyi. Siwezi kuandika jambo hili kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo sikuingia jikoni kwa hasira kama mlivyodhani. Nilirudi sebuleni, nikaondoa kitambaa, nikachomoa nyaya, nikaibeba mashine yote na kuja nayo mlangoni kwenu.

“Sasa unataka kupika ordinateur pamoya na maharagi?” mama yako akauliza.

“Nataka kuipeleka Beni.”

“Beni iko mu cuisine yangu?”

“Leo, ndiyo.”

Mbabula mbili zilikuwa zinawaka, mlango tukaurudisha, na jasho likatutoka. Ukaniangalia kuona kama natania. Kisha ukavuta waya kutoka sebuleni, ukaiwasha, ukafungua mchezo wenu. Mwanzoni chukudu ilishuka mlima vizuri. Feni zikaanza kupiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Baadaye chukudu ikaanza kukwama, inaruka hatua, inasimama, inaruka tena, nami kwa ujinga wangu nikakusifu kwa jinsi ulivyochora matope.

“Hapana matope, Papa,” ukasema. “Iko nachoka.”

Skrini ikawa nyeusi. Mama yako akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akavuta mkono. Ukaiacha ipumzike kidogo, ukafungua ubavu wa sanduku, ukaiwasha tena, na jikoni ni lile lile, joto ni lile lile, chukudu ikashuka hadi chini bila kujikwaa. Raha niliyoipata pale, Masika, sijaipata tangu kitabu changu cha kwanza nikiwa mwanafunzi. Kuona jambo likithibitika mbele ya macho yako, dhidi yako mwenyewe, huku maharagwe yanachemka. Watu wanaoogopa kushindwa katika mabishano hawajui wanakosa nini. Mimi mwenyewe sikujua.

Tangu siku hiyo nimesoma. Nimesoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu hewa na masanduku, nimeangalia vijana wa nchi nyingi wakipuliza moshi kwenye feni ili uone unakwenda wapi, na ninaweza sasa kumaliza mtu yeyote Butembo hii katika mjadala huo, isipokuwa wewe. Utaniruhusu niseme kidogo, kwa sababu huko Beni mtanunua mashine nyingine siku moja, na wauzaji wenye vioo hawataisha.

Ukiwa mbele ya sanduku, sahau taa zake. Weka kiganja, kama ulivyofanya. Hewa baridi inapaswa kuingia usoni, ipite juu ya vinavyochemka, itokee nyuma na juu. Uso ukiwa kioo, feni za mbele zinabaki kunyonya kupitia nyufa za pembeni, kama mtu anayekimbia mdomo umezibwa. Zinafanya kelele nyingi na kazi kidogo. Nimewahi kuketi kwenye mikutano mingi ya namna hiyo. Angalia pia kama kadi yako ndefu itaacha nafasi mbele yake, na kama nyaya zina njia ya kupitia nyuma, ili zisining’inie katikati ya upepo kama nguo kwenye kamba.

Kuhusu vumbi, hapo nilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli mikononi mwa mtu mwenye sauti kubwa ni hatari. Vumbi lipo. Lakini sanduku lililofungwa halilizuii, linalikaribisha kwa mlango wa nyuma: likikosa hewa mbele, linavuta kupitia kila tundu na kila pengo lisilo na chujio, na likiingia halitoki. Afadhali uso ulio wazi wenye wavu unaoweza kuuchomoa ukauosha. Feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa, hewa ya ndani isukume nje kwenye nyufa, vumbi likose pa kupenyea. Uoshe chujio kabla halijawa kahawia, uliache likauke kabisa. Usiliegemeze sanduku ukutani. Usiliweke sakafuni. Na kile kitambaa cha mama yako, kipende sana, kitandike mezani, lakini usikifunike juu ya mashine inayofanya kazi. Mwambie nimekuambia mimi, anikasirikie mimi.

Basi. Hayo ulikuwa unayajua. Sasa nije kwenye jambo ambalo silijui kama unalijua.

Jumanne, jikoni, baada ya yote hayo, nilingoja uniambie: Papa, turudishe sanduku hili. Ushahidi ulikuwa mezani. Mama yako alikuwa upande wako. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama na jasho usoni, nimeshindwa, nacheka. Nawe ukasema nini?

“Haizuru, Papa. Kule nitaiachaka wazi upande. Itatumika.”

Uiache ubavu wazi. Beni, katika vumbi lile, chumbani wanamopita watoto, kuku na mende. Ulikuwa tayari kuihatarisha kazi yako yote ili zawadi ya baba isiguswe.

Nilikaa na maneno yako hayo hadi nikakumbuka nilipowahi kuyasikia. Nilipokuwa nakwenda shule ya bweni, baba yangu, babu yako wa Alimbongo, alinichongeshea sanduku la bati. Fundi wake alilifunga kila kona, likawa na kufuli mbili, na lilisikika kama ngoma ukiligonga. Babu yako aliligonga mbele ya majirani. Bwenini kwetu ukuta ulikuwa unatoa maji. Ndani ya sanduku lile sweta lilishika ukungu, mashati yakashika ukungu, hadi daftari za Kifaransa zikanuka kama uyoga. Wenzangu wenye vikapu vya matete walivaa nguo kavu. Likizo, babu yako aliniuliza mbele ya wageni, “Na sanduku?” Nikamjibu, “Ni nzuri sana, Baba.” Nikarudi nalo mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena. Alifariki akiamini hivyo. Kila nilipotaka kumwambia nilimwona akiligonga na kutabasamu.

Kwa hiyo naijua ile “ni muzuri, Papa.” Ninajua inatengenezwa na nini. Ni upendo, na ni woga kidogo, na ni kuchoka na mtu ambaye ukimpinga jambo dogo anakuletea historia ya mji. Nimeandika maisha yangu yote kwamba mkubwa asiyejibiwa anaoza. Nimewashambulia wengi kwa sentensi hiyo, na baadhi yao wameninyima mkono hadi leo. Wakati huohuo nilikuwa nakaa kichwani mwa meza hii, na wanangu walikuwa wanajifunza kunyamaza kwa adabu. Mama yako peke yake ndiye aliyepata njia, naye hucheka ndani ya glasi.

Sasa sikiliza nilichofanya leo, ulipokuwa kwa bibi.

Nilikichomoa kioo cha mbele, nikakifunga kwenye gazeti, nikalibeba sanduku hadi atelier ya Kasereka, yule anayechomelea milango pale Vulamba. Nilinunua njiani wavu wa chekeche, ule wa kuchekechea unga wa muhogo, mpya, laini, wenye vitundu vidogo sana. Nilikuwa na mpango mzuri: kuondoa kioo, kukata fremu nyembamba ya bati, kuutandika wavu, na sanduku lako pana lingekuwa na uso unaopumua na chujio la unga linalooshwa kila wiki. Kasereka alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

“Prof, hii ni ordinateur ao ni mbabula?”

“Ni ordinateur.”

“Maana mukiisha kuweka matundu, bateja batanidai nibawekee na makala.”

Akavaa miwani yake, akawasha ile mashine ya kukatia. Diski ikaanza kuimba. Akashika lile bati la mbele ambalo kioo kinafungiwa, akaniuliza, “Nikate wapi?”

Nikanyoosha kidole. Kisha nikakikunja.

Kwa sababu nilikuwa nafanya kitu kilekile, Masika. Nimegundua sikukuuliza, na dawa niliyoileta ni kwenda tena bila kukuuliza. Nilikuwa tayari kukukatia bati lako kwa moyo mweupe, nikuletee likiwa limekwisha, na kesho ungeliangalia ukasema ni muzuri. Nikamwambia Kasereka azime. Akazima, akasema walimu wanaponzwa na kufikiri, akarudi kwenye geti lake.

Nikapita kwa Kakule. Lile sanduku la wavu bado lipo. Nilimwambia ukweli, kwamba niligonga nilipotakiwa kuweka kiganja. Akajaribu kunikumbusha habari za viazi, nikamwambia akaipeleke mashine moja jikoni kwa mkewe. Amekubali kubadilisha kesho asubuhi, mradi sanduku la kioo lirudi zima, halijakwaruzwa wala kukatwa.

Basi hali ni hii. Sanduku la Kakule ni la wavu tangu kiwandani, chujio lake linachomoka, ukitoka dukani umemaliza. Lakini ni jembamba. Nimelipima kwa kipande cha kamba nilichokata sawa na kadi yako, na kadi inaingia huku pua yake ikikaribia sana feni za mbele; na likija joto kubwa zaidi hakuna nafasi ya kuongeza feni nyingine. Hili lako ni pana, lina nafasi ya feni tatu usoni na nyaya zinapita vizuri, ila mdomo wake umezibwa. Kasereka anaweza kuuzibua kabla gari lako halijaondoka kesho saa saba mchana, lakini akiisha kukata, Kakule halichukui tena, na kama wavu wa chekeche utatetemeka ovyo au kuwa mzito mno kwa hewa, utakuwa umekwenda nalo hivyo Beni. Njia ya tatu ni ile yako ya kuacha ubavu wazi. Hiyo pekee naipinga, na nitaipinga mpaka kituoni.

Kuhusu hizo mbili nyingine, nina maoni. Unajua ninayo. Yamenikaa kooni tangu saa tisa, yananiwasha, na mara mbili nimeyaandika hapa nikayafuta. Mama yako ameniuliza, nikamnyima hata yeye; amenishika paji la uso kuona kama nina homa. Usiniulize. Ukiniuliza nitajibu, na nikijibu nitajibu kwa dakika arobaini na tano, na mwisho wake utasema lile neno.

Ukirudi utalikuta sanduku mezani, bila kitambaa, limesimama karibu na wavu. Juu yake nimeweka chaki yangu ya shuleni. Kama ni kukata, chora wewe mwenyewe pale diski itakapopita, hata kama mstari utapinda. Kama ni kubadilisha, usichore kitu, chaki uiache ilipo; nitaelewa nikiamka. Kama nimekosea hesabu ya kamba, njoo uniambie mbele ya mama yako, kwa sauti, nami nitajitahidi kukaa na kijiko mkononi.

Na huko Beni, Furaha akikuletea wazo baya kwa moyo mweupe, usimwambie ni nzuri. Umpeleke jikoni, mkalijaribu mkiwa mnacheka.

Ninafurahi kupita kiasi, mwanangu. Nenda ukawashushe wale watoto mlimani kwa chukudu yenu, na yule askari mumwongezee tumbo. Kesho nimeomba ruhusa shuleni asubuhi nzima. Iwe kwa Kakule au kwa Kasereka, wewe utatangulia, na mimi nitabeba sanduku.

Baba yako